Picha ya Bidoni

Mwaka ule kambi za wakimbizi zilipojaa mpaka barabara ya Sake, Kahindo alikuwa amechoka hoi. Nyumbani kwake Katindo, mjini Goma, walilala watu kumi na wawili, shangazi na wajukuu wa shangazi waliokimbia vita, na yeye mwenye nyumba alikuwa akisinzia ameketi kwenye kiti cha plastiki. Usingemwuliza atapumzika lini. Mzaliwa wa Butembo kama yeye ukimwuliza hivyo anadhani unamwita mvivu.

Alikuwa na miaka arobaini na minne. Alianza kwa kupiga picha za kitambulisho mbele ya shuka jeupe, akapanda mpaka arusi, kisha akanunua droni, na tangu hapo mabibi arusi wa Goma hawakukubali tena kutoka kanisani bila kupigwa picha kutoka angani, hata mvua ikinyesha. Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Mawe ya Goma ni meusi, mabati yanang'aa, ziwa linang'aa zaidi, na gauni ni jeupe. Ukitaka picha ya mji huu itoke vizuri, lazima droni ivae miwani.

Miwani hiyo ni vioo vidogo vinavyobanwa mbele ya kamera, vinaitwa filta. Kahindo alikuwa na vya aina mbili. Cha kwanza huondoa mng'ao: ukikizungusha kidogo, bati linaacha kumeta na unaona mawe chini ya maji. Cha pili ni cheusi tu. Kinapunguza mwanga, hivyo kamera inaweza kufumbua jicho lake sekunde nne nzima bila picha kuungua, na katika sekunde hizo kilichotulia kinabaki, kinachotembea kinafutika. Hoteli moja ya kando ya ziwa ilikipenda sana hicho cheusi. Ziwa lilitoka laini kama maziwa, bila pirogi za wavuvi, bila wanawake wanaofua nguo. Kahindo aliwapa walichotaka, ila picha zile hakuwahi kumwonyesha mtu nyumbani.

Kwa macho, vioo hivyo viwili vinafanana. Kwa hiyo siku zote alikishika kioo mbele ya simu yake na kukizungusha. Simu ikionekana kuzimika na kuwaka tena, hicho ndicho cha mng'ao. Ni kazi ya kupepesa macho mara mbili.

Wiki hiyohiyo aliyopiga picha za hoteli alipigiwa simu na Angèle, mwanamke wa shirika moja la misaada. Kule Mugunga kulikuwa na sehemu ya kambi isiyo na bomba. Wanawake walifuata maji mbali, na njiani yaliwapata mambo ambayo Angèle hakutaka kuyataja kwenye simu. Wafadhili walikuwa tayari kuleta bomba, lakini walitaka kuona kwa macho yao kwamba watu wapo, na kwamba kaya hazipungui mia mbili. Kibali cha kurusha droni kilitoka kwa shida: saa moja tu, Alhamisi asubuhi, na baada ya hapo chombo kinakabidhiwa kwa wakubwa wa usalama mpaka itakapoamuliwa vingine.

Huko Kahindo alipokewa na Furaha, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kengele, ambaye kambi nzima ilimjua kama mama wa foleni. Foleni yenyewe haikuwa ya watu. Ilikuwa ya bidoni, madumu ya plastiki yanayongoja lori la maji, ambalo siku nyingi haliji. Unaiweka yako alfajiri, unaenda kutafuta kuni au kibarua, na bidoni inakusimamia mahali pako. Ole wake atakayeisogeza kando, Furaha atamsema mpaka ukoo wake. Siku hiyo alikuwa ameita watu wote warudi, na alipita hema kwa hema akiwatuliza, maana mlio wa droni kwa watu waliokimbia mabomu si mlio wa arusi.

"Musikimbie!" alipiga kelele. "Hii ni ya Mama Kahindo. Mupunge mikono, ili bafadhili batuone!"

Wakapunga. Mamia ya watu, wazee kwa watoto, mikono yote miwili, wakirukaruka pembeni ya bidoni zao. Kahindo aliwaona kwa macho yake. Jua lilipiga kwenye skrini ya rimoti hata asione vizuri, lakini hema zilionekana, mstari ulionekana, akapiga picha na kupiga tena. Saa ikaisha, akachomoa kadi ya picha, droni ikachukuliwa.

Jioni alifungua picha nyumbani. Hema zilikuwa kali, mawe makali, bidoni za manjano zimepangwa kama shanga. Watu hawakuwapo. Pale walipokuwa wameruka palikuwa na ukungu hafifu tu, na mwisho wa mstari doa dogo la kijivu. Kahindo alidhani ni vumbi kwenye skrini ya kompyuta, akalifuta kwa pindo la kitenge. Halikutoka. Ndipo alipokumbuka kwamba hakukizungusha kioo mbele ya simu: alikuwa amebana kile cheusi, na kamera aliiacha kwenye sekunde nne zilezile za hotelini. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Watu walipunga mikono ili waonekane, na kupunga kule ndiko kulikowafuta.

"Madame Kahindo, batu bako wapi?" Angèle aliuliza kesho yake ofisini. "Mimi naona bidon tu."

"Kila bidoni ni kaya moja," Kahindo alisema. "Nikikuletea jina la kila moja?"

Angèle alisugua macho. Naye hakuwa amelala. "Deux cents, mia mbili kamili. Majina pamoja na picha, mpaka lundi saa sita. Ikipungua hata moja, siwezi kusaini."

Jumatatu haikuwa mbali, kwa hiyo Kahindo alirudi Mugunga na kompyuta mgongoni, na maneno ya kuomba msamaha ambayo alikuwa ameyapanga njia nzima. Furaha aliitazama picha muda mrefu.

"Tulikupungia mikono bote, mama."

"Najua. Kosa ni langu. Na maji yakimwagika hayazoleki."

 Furaha aliinama karibu na skrini, akaweka kidole. "Hii ya kifuniko ya kitambaa nyekundu, ni ya Mama Nasiba. Hii ya kamba, Papa Munyakazi. Hii iliungua chini, ni yangu." Akaendelea hivyo, kidole kikitembea, Kahindo akiandika mpaka kiganja kikafa ganzi. Furaha hakuruhusu ujanja. "Hizi mbili ni za nyumba moja. Futa moja." Watu walikuja kumsaidia pale alipokwama, wakacheka walipoziona bidoni zao, kisha wakajitafuta wenyewe, wakaacha kucheka.

Walifika mia moja tisini na tisa. Ilibaki moja, ya mwisho kabisa, isiyo na mpini.

"Na hii?"

 "Ya Mama Christa. Alikufa, juma mbili sasa."

Kahindo aliweka kalamu chini. Alitamani kulia, lakini hata kulia kunataka nguvu. "Amekufa, na bidoni yake iko kwenye foleni?"

"Tunaisogezaka kila asubui. Alibakisha batoto batatu, mama. Bangali banakunywa maji." Kisha akagusa lile doa la kijivu kando ya bidoni. "Mukubwa ni huyu. Olive. Alikuwa anarukaruka kushinda bote, lakini pahali pamoja tu, karibu na bidoni."

Kahindo alilitazama lile doa alilotaka kulifuta kwa kitenge. Akaokota kalamu, na kwenye mstari wa mia mbili akaandika: Olive, mkuu wa kaya, miaka tisa.