Hedifoni Tatu za Sabra Twahiru

Nianze kwa kukiri, maana wenzangu wakisimulia habari hii hunistiri kwa heshima ya umri wangu. Mimi Rozalia, mama yake Joyce, ndiye niliyesimama langoni mwa kiwanda nikamwita Sabra binti Twahiru tapeli. Nilisema kwa sauti, mbele ya wanawake wasiopungua arobaini, na nikajisikia vizuri.

Sabra ni mzaliwa wa Mikindani. Baba yake alikuwa fundi redio, akifanyia kazi kwenye baraza la nyumba yao ya mawe iliyobomoka nusu, na binti alijua kufungua redio kabla hajajua kusonga ugali. Alipoolewa akaacha ufundi, alipoachika akaurudia. Miaka mitatu iliyopita akaleta meza yake kwenye lango la kiwanda chetu cha kubangulia korosho, kando ya barabara iendayo Mtwara mjini, akawa anauza hedifoni za kuchomeka masikioni, chaji na makava ya simu, na kutengeneza vilivyokufa. Ni mwembamba, hana papara, na humhoji mteja kama daktari. Ukimpelekea hedifoni inayosikika upande mmoja hakuulizi uliinunua wapi. Anakuuliza, "Unalala nayo? Unaizungushia simu? Ukiichomoa unashika pini au unavuta waya?" Wateja wengi hudanganya. Basi yeye huchana mpira karibu na pini, akakuonyesha nyuzi za shaba zilivyokatika pale pale ulipokuwa ukikunja, nawe unajifanya kuangalia magari barabarani.

Sisi wabanguaji bila hedifoni siku haiishi. Unakaa kwenye benchi kutwa nzima unapasua korosho moja moja, na mashine za upande wa pili zinanguruma. Wengine wanasikiliza taarabu, wengine mawaidha, mimi kwaya na mpira. Simu unaifunga kwenye pindo la kanga kiunoni, waya unapanda kifuani mpaka masikioni, kazi inaendelea. Na sote tulinunua kwa Sabra, kwa kuwa ndiye aliyekuwa langoni.

Shida ni kwamba hazikudumu. Wiki tatu, ikizidi sana mwezi. Waya unaanza kunata, unavimba chini ya kidevu pale unapogawanyika kwenda kila sikio, halafu unapasuka, halafu kimya. Ya kwangu ya nne ilinifia mechi ikiwa kwenye penalti, na hilo sikuweza kulisamehe. Tena mume wangu Fredi, anayefanya kazi Bandari ya Mtwara, alinunua hedifoni ya aina ile ile, kwenye meza ile ile, na yake ilikuwa imetimiza mwaka. Nikapiga hesabu zangu: wanaume anawauzia nzima, sisi anatubambikia mbovu. Nilijiona nina akili sana siku hiyo.

Bwana Erasto, msimamizi wetu, aliposikia kelele alisema hataki ugomvi langoni kwake. Akampa Sabra mpaka mwisho wa mwezi. Wanawake wakiendelea kulalamika, meza iondoke. Meza ile ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake asiyeweza tena kutembea, na hakuna aliyekuwa halijui hilo. Na zaidi ya meza lilikuwa jina lake. Fundi akiitwa tapeli asubuhi Mtwara, Mikindani wanazo habari kabla ya adhuhuri.

Safina, mwenzangu wa benchi, hakuridhika na kuondolewa meza. Alitaka isomwe albadiri. Huku kwetu hicho ni kisomo kizito, husomewa mwizi au dhalimu aliyejificha, na watu wamewahi kurudisha baiskeli za wenyewe kwa kusikia tu kwamba kitasomwa. Mimi ni Mkristo wa Ndanda, lakini niliunga mkono. Tukamwendea Maalim Hemedi, anayefundisha madrasa jirani na kiwanda. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye hasomi jina la mtu.

"Nasoma kosa," akasema. "Aliyeziua hedifoni zenu, awe nani, ndiye kitakayemfika. Mmekubali?"

Tukakubali mbiombio. Akapanga Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya swala.

Sabra alipoambiwa hakulia wala hakujibu matusi. Kesho yake nilipotoka kazini aliniita mezani.

"Shikamoo, Mama Joyce."

Niliitikia nusu nusu. Akaweka mbele yangu hedifoni tatu mpya, zote za aina ile ile, zikiwa bado kwenye plastiki zake.

"Hii nitaipaka maji ya bahari kila siku, maana wengine wanasema ni chumvi ya huku kwetu. Hii nitaikunja shingoni mwa pini mara mia kila siku, maana mimi mwenyewe huwa nalaumu kukunja. Na hii ya tatu naomba uishike wewe. Kila ukitoka kazini, kabla hujanawa, ishike pale unapoishikaga ya kwako, uivute kidogo, uende zako. Usiku nitakuwa nazo mwenyewe, mchana zitaning'inia hapa hadharani."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu unanichukia kuliko wote. Hakuna atakayesema mkono wako nimeuhonga."

Nilicheka. Nilidhani anajimaliza mwenyewe, nikaona nimsaidie amalizike vizuri.

Hapa inabidi niueleze huo mkono. Ganda la korosho lina mafuta meusi, makali, yanababua ngozi mpaka inatoka magamba. Glavu tunapewa, lakini zinachelewesha vidole, kwa hiyo tunazivua na kujipaka majivu, kama mama zetu walivyofanya walipobangulia uani. Majivu yananyonya yale mafuta yasile ngozi, na mpaka saa nane vidole vimeshika utando mweusi. Sasa msimamizi akikuita jina, hutafuti maji ya kunawa. Unashika waya chini ya kidevu kwa vidole vile vile, unavuta, masikio yote mawili yanafunguka kwa mpigo mmoja. Tulifanya hivyo mara ishirini kwa siku, benchi zima, wala hakuna aliyewahi kujitazama akifanya.

Siku za kwanza niliushika waya wa Sabra kwa madaha. Siku ya tisa ukaanza kuninata. Siku ya kumi na nne nikauona umevimba, na nikatupa jicho kwenye ule wa maji ya bahari uliokuwa pembeni. Ulikuwa mkavu, una ukungu mweupe wa chumvi, basi. Siku ya kumi na tisa nilipovuta, mpira ulibaki vidoleni mwangu, na ndani yake nikaona nyuzi za shaba zimegeuka kijani kwa jasho. Sabra akaichomeka kwenye simu yake, akaniwekea sikioni. Kimya. 

Ilikuwa Jumatano. Nilirudi nyumbani nikapika, nikala, na muda wote nilikuwa nauona mkono wangu. Nilijua nikinyamaza Safina atasema Sabra ameikata mwenyewe, na watu watamwamini Safina, na meza itaondoka, na Sabra atabaki tapeli mpaka siku ya kuzikwa. Nilijua pia kwamba Ijumaa Maalim Hemedi atasoma kosa, hatasoma jina, na kosa lilikuwa limekaa kwenye vidole vyangu kumi. Albadiri haiulizi cheti cha ubatizo. Sitajipamba: woga ndio uliotangulia, haya ilikuja nyuma yake.

Alhamisi saa kumi Sabra alimwita Maalim langoni, akamwita na Bwana Erasto. Wanawake tukatoka tukazunguka meza. Akampa Safina hedifoni ya maji ya bahari aisikilize.

"Inalia," akasema Safina.

Akampa ile ya kukunjwa.

"Inakatakata upande mmoja. Lakini inalia."

Akampa ya tatu. Safina akasikiliza, akaitikisa, akasikiliza tena.

"Hii umeikata wewe," akasema.

Nilitoka mbele.

"Hajaikata," nikasema. "Nimeiua mimi. Siku kumi na tisa nimeishika kwa mkono huu hapa, kwa mafuta haya haya ya maganda, mahali pale pale tunapovutia sote. Ya Fredi bandarini haijafa kwa sababu Fredi habangui korosho. Kila mtu atazame vidole vyake."

Wanawake arobaini wakatazama vidole vyao. Kisha wakatazama nyaya zilizokuwa zikining'inia vifuani mwao, na kila mmoja akaona doa jeusi chini ya kidevu chake. Nilisikia mtu mmoja akisema "Ala," polepole.

Maalim Hemedi akakohoa. "Basi ya kesho iko pale pale? Aliyeziua hedifoni, awe nani. Mlikubali wenyewe."

Safina ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, ule ule mweusi. "Maalim, subiri kwanza."

Alisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba Bwana Erasto aliangua kicheko, na kicheko kikatushika sote, mpaka Safina mwenyewe akakaa chini akijifuta macho kwa kanga. Maalim alisema yeye atatuombea dua ya kheri tu, na tuache kumsumbua kwa mambo tusiyoyachunguza.

Sabra hakucheka. Alisubiri tumalize.

"Sasa semeni," akatuambia.

"Tuseme nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Kwamba mimi si tapeli. Mlilisema hapa langoni kwa sauti. Mlirudishe hapa hapa langoni, kwa sauti ile ile."

Nikasema mimi kwanza: Sabra binti Twahiru si tapeli, ni fundi, na ametushinda. Akasema Safina. Wakasema wengine mmoja mmoja, hata waliokuwa na haraka ya gari, na wapita njia barabarani walisimama kusikiliza. Bwana Erasto alidhani amesahaulika, lakini Sabra alimgeukia na kumngoja, na yeye akasema. Ndipo nilipoona uso wa yule binti ukifunguka. Nilifurahi kama vile ushindi ulikuwa wangu, nami ndiye niliyeshindwa.

Jumatatu alikuja na mfuko wa vitambaa vyembamba alivyoshona kutokana na kanga zilizochakaa, kila kimoja mrija mrefu wa kupitishia waya. Waya unavaa kanga, anasema. Unapita mgongoni, si kifuani, unashika kitambaa na si mpira, na Jumamosi kitambaa unakivua unakifua. Karibu na pini anafunga fundo dogo kwa uzi, ili ukivuta kwa bahati mbaya fundo ndilo lipokee. Hedifoni yangu imetimiza mwaka mmoja na miezi minne. Wabeba mizigo bandarini wameagiza kwake kupitia Fredi, na kuna wachuuzi wanaovuka kivuko cha Kilambo kwenda Msumbiji nazo mafungu kwa mafungu. Bwana Erasto anayo ya maua mekundu na anasema ni ya mke wake.

Meza ya Sabra sasa iko ndani ya geti, chini ya paa la kiwanda, mahali mvua haifiki. Juu yake kuna ubao, na kwenye ubao amepigilia msumari ile hedifoni ya tatu, imevimba na kupasuka vile vile, na kikaratasi chini yake: Mkono wa Mama Joyce, siku 19. Safina aliwahi kumwambia akitoe, ananiaibisha mtu mzima. Nilimkataza mimi. Kila akija mbanguaji mpya na kuuliza huyo Mama Joyce ni nani, natoka kwenye benchi, namfuata mpaka pale ubaoni, na namwonyesha vidole vyangu.