Mchonga Sarafu na Kinyonga Mwenye Mwavuli

Asubuhi bado mbichi. Katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha sarafu, mama mmoja wa makamo ameinamia bamba la plasta pana kama sahani, kielelezo kitakachopunguzwa kiwe sarafu, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni. Anakwangua kidogo kwa patasi nyembamba, anapuliza vumbi, anatazama, anakwangua tena.

Wenzake humwita Fundi Jicho. Ndiye aliyechonga sarafu ya ukumbusho ya Kinyonga mwenye mwavuli, yule wa hadithi ya watoto waliyoisoma babu na wajukuu. Si sarafu ya kununulia chumvi. Ni ya kuwekwa kabatini na kutazamwa.

“Watu wanadhani mashine inafanya yote,” anasema bila kuinua kichwa. “Mashine inagonga tu.”

Kinyonga huyo nusura amshinde. Mchoro wa kwanza wakubwa waliupitisha bila neno, ila roho yake haikutulia. Akafinyanga nakala ya udongo nyumbani, akampa mama yake mzazi, ambaye macho yake yalizima miaka tisa iliyopita. Ndiye aliyemsomea hadithi ile utotoni.

Bibi kizee huyo aliipapasa, kisha akauliza, “Mwanangu, huyu nani?”

“Si kinyonga wako, mama?”

“Wangu, yule wa hadithi, alimkinga kifaranga na mvua, yeye mwenyewe akalowa chepechepe. Huyu wako anajikinga.”

Fundi alicheka hadi machozi. Kesho yake akaomba kuanza upya. Msimamizi alinuna, maana siku zilikuwa zimebana, lakini akamwachia. Mwavuli ukasogezwa juu ya kifaranga. Mgongo wa kinyonga ukabaki mvuani.

Sarafu zilipotoka, aliruhusiwa kununua moja, akampelekea mama. Bibi aliigeuzageuza kwa muda mrefu.

“Ndogo mno kwa vidole vyangu,” alisema. “Sioni kitu, mwanangu.”

Maneno hayo yalimchoma. Ndipo alipoomba kuchonga kinyonga wa shaba mkubwa kama kiganja, picha ikiwa imeinuka vizuri, nakala zake zipelekwe katika shule za watoto wasioona. Wakubwa wamekubali kutoa shaba. Muda autafute mwenyewe. Anautoa kwenye mapumziko ya mchana, chakula kikipoa pembeni.

“Nastaafu mwakani, nataka nimalize kabla,” anasema. “Mama ndiye atakayeshika wa kwanza. Akiniuliza tena huyu nani, basi naanza upya.”