Neno Jema la Bi Zubeda

Katika mtaa wetu wa Tandale kuna desturi ambayo sijaiona kwingine. Maiti wa kike akishaoshwa na kuvishwa sanda, kabla wanaume hawajaja kumchukua, mwosha hutoka mlangoni na kuwapa wafiwa neno moja jema juu ya marehemu. Atasema uso wake ulikuwa umetulia, au mwili wake ulikuwa mwepesi, au alinukia vizuri hata kabla ya udi. Watu huitikia amin, na kilio hupungua. Mabaya aliyoyaona, kama yapo, mwosha huondoka nayo na hayasemi hata kwa mumewe.

Mwosha wetu ni Bi Zubeda. Ukimkuta sokoni asubuhi utamdhani muuza nazi tu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, anayekuna nazi huku akimsema mteja anayebonyezabonyeza mali bila kununua. Kuosha maiti alifundishwa na shangazi yake huko Kilwa akiwa mwari. Alipoolewa na kuletwa Dar alikuja na ujuzi huo, na tangu hapo hakuna mwanamke wa Kiislamu mtaani kwetu aliyezikwa bila mikono yake. Mie si wa dini yake, lakini nyumba zetu zinatazamana, na haya ya chumba cha kuoshea alinisimulia mwenyewe baadaye, alipoamua kwamba hayana tena mwenye kuyaficha.

Mwanahawa alikuwa binti wa Bi Somoe, muuza dagaa. Katika uchaguzi wa mtaa alisimama kama wakala wa mgombea wa upinzani. Kura zilipohesabiwa alikataa kutia sahihi matokeo, akasema anataka zihesabiwe tena, na alisema kwa sauti. Kesho yake walimfuata nyumbani, wakasema anakwenda kuhojiwa, atarudi jioni. Bi Somoe alizunguka vituo vya polisi na mfuko wa chakula na kanga safi. Kila alipofika aliambiwa hayupo, ajaribu kwingine. Mwisho mwenyekiti wa mtaa, Twalib, alikuja kumwambia aandae msiba.

Maiti aliletwa na gari, ndani ya sanduku, na pamoja naye alikuja ofisa mmoja aliyevaa kiraia, jina lake Theonest, mtu mpole wa kuongea, mwenye lafudhi ya bara.

"Ameshaoshwa huko huko," alisema. "Poleni sana. Ilikuwa malaria ya ghafla. Mazishi yafanyike leo, na sanduku lisifunguliwe."

Bi Zubeda alikuwa ameshakunja mikono ya baibui. "Ameoshwa na nani?"

"Wahudumu, mama."

"Wahudumu walimtilia nia? Walimwosha kwa maji ya mkunazi? Baba yangu, huko mmemwosha kama sahani. Mie namwosha kama Muislamu."

Ofisa alimtazama Twalib. Twalib alitabasamu kidogo, akamshika Bi Zubeda begani kama mtu anayemtuliza ndugu yake.

"Mwache aoshe, afande. Huyu ni mwosha, miiko anaijua. Ya chumbani hubaki chumbani. Au siyo, Bi Zubeda?"

"Ndivyo tulivyofundishwa," alisema.

"Basi aingie peke yake," alisema ofisa.

Aliingia peke yake. Kwa kawaida huwa na wanawake wawili wa kummiminia maji na kumsaidia kumgeuza maiti. Siku ile alimimina mwenyewe, akageuza mwenyewe. Uso wa Mwanahawa haukuwa na hata mkwaruzo. Waliuacha, kwa sababu uso ndio unaotazamwa. Lakini nyayo zilikuwa zimevimba na kupasuka, na mgongoni hapakuwa na mahali pa kupitisha kitambaa. Kwenye vifundo vya mikono ngozi ilikuwa imeliwa na chuma. Mkono wa kulia, ule ambao alikataa kutilia sahihi, haukuwa na kucha.

Bi Zubeda alimaliza josho lake lote. Alifunga nyayo kwa pamba, akaongeza pamba mgongoni ili damu isije ikatokeza kwenye sanda nyeupe na mama mtu akaiona. Alifanya kazi nzuri, aliniambia, kazi nzuri kuliko zote, na ndiyo kazi anayoijutia. Kisha akatoka mlangoni. Bi Somoe alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, anamtazama kama mtu anayeomba fadhila.

"Ameondoka na uso wa amani," alisema Bi Zubeda.

Haukuwa uongo. Uso ulikuwa hivyo. Watu wakaitikia amin, na Theonest akaitazama saa yake.

Laiti yangeishia hapo. Juma lile lile mkubwa mmoja alihojiwa redioni. Mwandishi aliuliza kwa nini familia haijapewa ripoti ya daktari. Mkubwa alijibu kuwa masuala ya mahabusu ni ya kiusalama, hayajadiliwi hadharani, na kwamba wananchi wasipotoshwe, maana aliyemwosha marehemu, mama mtu mzima na mcha Mungu, alitoka mbele ya umma akatamka kuwa marehemu ameondoka kwa amani. Soko zima lilisikia. Redio ya muuza viazi ilikuwa wazi.

Anjelina, Mmakonde anayeuza mihogo meza ya pili kutoka kwa Bi Zubeda, ni mtu wa maneno. Siku iliyofuata alipiga goti katikati ya maganda.

"Shikamoo, shahidi wa serikali."

"Anjelina, niache."

"Nikuache wapi, shoga yangu? Wewe si wa kuachwa tena. Mie mihogo yangu ikioza naomba na yenyewe uisemee neno."

Bi Zubeda aliinamia mbuzi ya nazi. Aliendelea kukuna nazi hadi akajikwaruza kidole.

Neno lake likawa msemo wa mtaa. Kijana akianza kulalamika kuhusu taka au mfereji ulioziba, mwenzake humwambia anyamaze asije akapewa uso wa amani. Kwenye mikutano ya mtaa, ambako zamani watu walikuwa wakigombana na Twalib mpaka giza linaingia, walibaki wazee watatu wanne waliofuata kivuli. Twalib alisoma mapato na matumizi haraka haraka, akauliza kama kuna swali, akajijibu hakuna. Augustine fundi cherehani, ambaye kila mtu alijua angechukua fomu uchaguzi ujao na angeshinda, alisema ana kazi nyingi za sare za shule. Nilimuuliza kwa siri. Akaniambia, "Dada, mie sijui Mwanahawa alifanywa nini. Ningejua, ningejua na ninachokiogopa. Nisichokijua ndicho kinanishinda."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya siri ile. Ilimficha Theonest, na pia iliuachia mtaa mzima kazi ya kujitisha wenyewe.

Bi Zubeda alikwenda kwa Maalim Mbwana wa msikitini. Alimuuliza mlangoni, bila kukaa.

"Maalim, aibu ya maiti tunaifunika. Alama za kupigwa ni aibu ya nani?"

Maalim alivua kofia, akaivaa tena. "Ya aliyepiga."

"Basi niliifunika aibu ya nani?"

"Bi Zubeda, mie nina watoto wa madrasa hapa. Uliyouliza nimekujibu. Lakini usiseme nimekujibu."

Alirudi nyumbani na jibu hilo akakaa nalo. Nilidhani angekwenda kwa waandishi wa habari, nikamwambia ninawafahamu wawili. Akakataa. "Watasema bibi wa nazi kalishwa maneno. Walilichukua neno langu msibani. Watalirudisha msibani." Nilimtazama usoni. Nilikuwa nimezoea kuona huzuni pale. Siku ile palikuwa na subira ya mtu anayengoja chungu kichemke.

Mvua za masika zilipopita, mama yake Twalib alifariki. Bi Mwanakombo alikuwa bibi mkongwe, mtani wa kila mtu, na alikufa usingizini baada ya kunywa uji. Asubuhi ileile Twalib alituma mtu sokoni kumwita mwosha.

Anjelina alisimama na kisu cha mihogo mkononi. "Huendi. Mwache amwoshe mwenyewe, si hodari wa kufunika?"

"Bibi hakunikosea," alisema Bi Zubeda, akifunika nazi zake kwa gunia. "Nitamwosha kuliko nilivyowahi kumwosha mtu."

"Halafu?"

"Halafu nitatoka mlangoni. Na wewe uje. Mpitie Bi Somoe, mwambie hata kama hataki, aje akae mbele."

Msiba ulijaa. Mama wa mwenyekiti hazikwi na watu wachache. Turubai lilifungwa barabarani, viti vikaletwa, wakubwa wa kata wakaja. Theonest naye alikuja, kavaa kofia ya kuazima iliyomkaa juu ya masikio, akakaribishwa kiti cha mbele. Sisi wanawake tulikuwa uani na barazani, tukiwaona wanaume kupitia lango lililoachwa wazi, Bi Somoe kwenye mkeka karibu kabisa na mlango, Anjelina kamshika mkono.

Alipotoka, Bi Zubeda alikuwa bado ana maji mikononi. Twalib alisogea kupokea neno, macho mekundu ya kulia kweli. Huruma iliniingia, nakiri, na ilibidi nimtazame Bi Somoe ili initoke.

"Twalib mwanangu," alianza, kwa sauti aliyoizoea ya kuita wateja, inayofika upande wa pili wa soko. "Neno langu juu ya mama yako ni hili. Nimemwosha mama yako na mwili wake ni mzima."

"Amin," watu waliitikia.

"Nyayo zake ni nzima. Laini, kama za mtoto. Hakuna aliyezipiga."

Amin ya pili ilikuwa nyembamba.

"Mgongo wake ni mzima. Nimepitisha kitambaa kutoka shingoni hadi kiunoni na hakikukwama. Mikono yake haina alama ya pingu. Kucha zake zote zipo, nimezisafisha moja moja. Mama yako amekufa kama binadamu anavyotakiwa kufa, mwanangu, na mie nimefurahi, maana nilikuwa nimesahau maiti mzima anavyokuwa."

Hakuna aliyeitikia. Mtu mmoja wa kata alisimama, akakaa. Twalib alisema polepole, "Bi Zubeda, inatosha."

"Bado. Mlitaka neno langu nyie, mkalipeleka redioni. Sasa chukueni lote. Mwanahawa binti Somoe nilimwosha peke yangu kwa amri ya yule pale mwenye kofia, na hayo yote niliyomsifia mama yako, yeye hakuwa nayo. Nyayo hakuwa nazo. Mgongo hakuwa nao. Kucha za mkono wa kulia hakuwa nazo. Uso tu ndio waliomwachia, nami nikausemea uso. Mungu amhifadhi mama yako. Na aliyemfanya Mwanahawa asiwe kama mama yako, na aliyejua akaficha, Mungu amlipe hapa hapa duniani, tukimwona kwa macho yetu."

Twalib alisema amin. Ilimtoka kwa mazoea, kama inavyomtoka mtu yeyote aliyelelewa kwenye dua, na ilisikika peke yake. Kisha Bi Somoe, ambaye hatukuwa tumesikia sauti yake tangu siku ya kumzika mwanawe, alisema amin yake, taratibu, akimtazama usoni. Nyuma yake Anjelina, ambaye hiyo si hata dua ya kwao, akaitikia kwa nguvu. Baada ya hapo uani kote. Ikavuka ukuta hadi kwa wanaume chini ya turubai. Nilimtafuta Theonest. Kiti kilikuwa kitupu na kofia ya watu imeachwa juu yake.

Bi Mwanakombo alizikwa kwa heshima zake zote. Bi Zubeda alihakikisha hilo.

Sitasema mambo yalinyooka. Ripoti ya daktari haijatolewa hadi leo, na redioni hakuna aliyelitaja jambo hili. Lakini mkutano wa mtaa uliofuata ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta, na Twalib alipouliza kama kuna swali, swali la kwanza lilikuwa nyayo za nani. La pili lilikuwa kucha za nani. Aliufunga mkutano kabla ya mapato na matumizi. Augustine amechukua fomu. Anaogopa bado, ila ameniambia sasa anajua anachokiogopa kinafananaje. Twalib mtu akimsalimu njiani humtazama viganjani kwanza, kana kwamba amebebewa yale malipo aliyoyaitikia amin.

Jana ulikuja wito wa Bi Zubeda kwenda kuhojiwa. Nilimkuta chumbani kwake na Bi Somoe, wamemlaza mwanasesere wa mjukuu juu ya meza, anamfundisha kuosha. Kulia kwanza. Usimwage maji kwa pupa. Msaidie kichwa, kizito. Sanduku lenye sanda yake mwenyewe, ambayo ameitunza miaka na kuifukiza udi, lilikuwa wazi kitandani.

"Ukifika kwenye nyayo," alimwambia Bi Somoe, "tazama vizuri. Na mgongo. Halafu toka mlangoni useme kila ulichokiona. Mie usinifunike kitu."

"Na kama hakuna kitu?" nilimuuliza.

Alinitazama juu ya miwani yake.

"Basi aseme hivyo hivyo. Wajue kwamba tunatazama."

Kisha akageuza mwanasesere ubavu, akamwomba Bi Somoe aanze upya.