Mlenda wa Bibi Usio na Chumvi

Harufu ya mlenda mkavu ukichemka na magadi hainiachi. Nikiisikia, hata hapa Majengo, Dodoma mjini, ninapoishi na wanangu, narudi papo hapo jikoni kwetu Kongwa, kiangazi kile Bibi alipoanguka kwa presha. Nilikuwa darasa la nne. Upepo ulitupulizia vumbi hadi kwenye sahani, na Mama ndiye aliyekuwa hospitali yetu sote. Mdogo wangu Yona anachemka kwa homa, Baba anakohoa usiku kucha, na sasa Bibi, mama yake Baba, mkono mmoja umelegea. Zahanati walituambia wazi kwamba akianguka tena, hatutakuwa naye.

"Chumvi marufuku," muuguzi alisema. Basi Mama akaishikia bango hiyo chumvi! Aliificha ndani ya begi la nguo zake. Alimpikia Bibi chungu chake peke yake, na Bibi, ambaye mdomo wake haukulegea hata kidogo, akalalamika kijiji kizima kisikie: "Mkwe wangu ananilisha maji ya kuoshea vyombo!" Mama akampa dawa, akamgeuza ubavu, akambeba Yona mgongoni, akaenda kisimani. Alikonda hadi nguo zikampwaya. Sikumbuki kumwona amelala.

Siku ya kliniki tulimpakia Bibi kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Kupimwa, presha iko juu kuliko mwanzo! Muuguzi akakunja uso.

"Mama, unampa chumvi."

"Haki ya Mungu, hata punje!"

"Na mlenda unapika na nini?"

"Na magadi tu, kama watu wote."

"Mama yangu wee! Magadi nayo ni yale yale. Yanapandisha presha kama chumvi."

Mama alikaa palepale sakafuni akalia, akisema anamuua mama mkwe wake kwa mikono yake mwenyewe. Niliogopa sana, maana sikuwa nimewahi kumwona Mama akilia. Bibi ndiye aliyemshika bega kwa ule mkono wake mzima. "Inuka, mwanangu. Bila wewe ningekuwa nimeshazikwa." Kisha akamgeukia muuguzi: "Na huyu naye mpimeni. Halali huyu." Wakampima, na presha yake nayo ilikuwa imepanda.

Jioni Baba akaelezwa. Kesho yake alichukua ndoo akaenda kisimani mwenyewe, wanaume wenzake wakamcheka, akaendelea kwenda. Magadi yakakoma kutumika nyumbani kwetu, na Bibi akala mlenda wake huku akinuna.

Leo nina bomba uani na duka la dawa ng'ambo ya barabara, lakini mtoto mmoja akipata mafua tu nachanganyikiwa, nampigia Mama simu. Yule mwanamke sijui aliumbwa na nini. Bibi aliishi hadi akampakata mwanangu wa kwanza, na msibani kwake watu walisema Mungu alimjalia umri mrefu. Alimjalia, sawa. Lakini aliyekuwa akikesha namjua.