Mlio wa Simu ya Mdogo Wangu

Habari kwamba shimo la dhahabu limeporomoka kule Migori ilitufikia Ndhiwa, tukiwa uani kwa mama. Mdogo wangu alikuwa akichimba shimo hilo. Jana yake alikuwa ameahidi kuja siku hiyo kumwona mama, kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu: yuko njiani, au yuko chini.

Kila aliyekuwa na simu akampigia. Shangazi aliweka yake kwenye spika, tukasikia ti, ti, ti.

"Anaongea!" Mama akapiga makofi. "Nyathina, mwanangu, yu hai, anaongea na mtu!"

Mimi hutengeneza simu pale Suna. Milio yake nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na programu niliyoiandika isikilize laini na kuitambua kila sauti. Sauti yenyewe mara nyingi ni ileile; kinachotofautisha ni urefu wa mlio na urefu wa kimya kinachoufuata. Vikiwa vifupi na vinakwenda mbio, mtandao umejaa. Kimya kikiwa kirefu, simu inaita. Vikilingana, taratibu, laini ina shughuli, na huo ndio mlio uliokuwa kwa shangazi. Lakini tulioishughulisha ni sisi wenyewe. Simu ya mmoja ikiita, wengine wote wanapata mlio wa mtu anayeongea.

"Kateni zote," nikasema. "Nipige mimi peke yangu."

"Fundi huyo!" shangazi akafoka. "Hata mtoto wa mama yako unataka kumpima kama redio? Kwetu mtu akipotea anaitwa na ukoo mzima."

"Shangazi, tafadhali. Tunazibiana njia."

Walikata, lakini kwa kununa. Mjomba alinigeuzia mgongo.

Kabla ya kubonyeza nilijikuta naomba nimsikie yule mwanamke wa kwenye rekodi akisema nambari haipatikani, maneno ambayo kila mtu pale uani aliyaogopa. Barabara ya kuja kwetu ina mabonde yasiyo na mtandao. Labda alikuwa huko. Ikiita ndipo pa kuogopa, maana wachimbaji hawashuki na simu. Huiacha kwa mama wa kibanda cha kuchaji, juu, ikiwa imewashwa, na wakipanda huichukua.

Mlio mrefu. Kimya kirefu. Mlio mrefu tena.

"Inasemaje?" Mama aliuliza.

"Inaita, Mama."

"Nilijua! Nilijua mimi!"

Sikuhitaji programu. Nilitamani ikatike, nilitamani chaji iishe. Ikaendelea kuita, kisha ikapokewa.

"Hallo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, anahema. "Ndio kwanza narudi kibandani, nilikuwa huko shimoni. Mwenye hii simu bado hajaichukua. Wewe ni nani wake?"

Spika sikuwa nimeiwasha. Mama aliona tu kwamba imepokewa. Alijifuta viganja kwenye leso, akaninyooshea mkono.

"Nipe," akasema. "Nipe niongee naye."