Samaki wa Mafuta

Vidole vyangu vilianza kugoma asubuhi, havikunjiki. Sikulia wala sikukasirika. Nilivitazama tu, kama viatu vya mgeni mlangoni. Dada yangu, ninayeishi naye hapa Kimara, akawa ananifunga vifungo vya gauni kabla hajaenda kazini. Nilichotaka ni kuvifunga mwenyewe. Si kwamba nilikuwa na pa kwenda. Mie ni mtu wa ndani. Hata kuku wetu wananizidi kutoka.

Daktari alisema ni baridi yabisi: askari wa mwili, yaani chembe za kinga, wamekosea adui, wanapiga maungio yangu. Askari hao huitana kwa ujumbe, na ujumbe mwingine wanaumega kutoka kwenye mafuta ya kuta zao wenyewe. Kuta hizo zinajengwa na mafuta tunayokula.

"Samaki mwenye mafuta anaweza kupunguza kelele zao," alisema. "Kidogo tu. Vidonge usiache."

Nyumbani nikafupisha: nimeambiwa nile samaki wa mafuta.

Basi kila jioni dada akapitia kwa mama muuza samaki pale kituoni, akaja na changu waliokaangwa mpaka wamekauka, kwenye mafuta meusi kama oili chafu.

"Kula, mgonjwa. Mwenzio natembea nanuka karai."

Nikala. Nikanenepa. Vidole vile vile.

Siku ya kurudi kliniki dada akanisindikiza, akamweleza daktari kwa fahari.

"Dada, nilimaanisha mafuta ya samaki mwenyewe. Vibua, dagaa. Uchemshe au uchome. Siyo ya kwenye karai."

Dada akanigeukia. "We si ulisema samaki wa mafuta?"

"Nilisema."

"Na fomu foo umefika!"

"Baiolojia nilikuwaga nasinzia."

Daktari akacheka. Dada hakucheka. Nami nilipaswa kuona aibu, nikaitafuta, sikuipata.

Jioni hiyo alichemsha vibua kwa ndimu na nyanya. Vidole vyangu vikashindwa kutoa miiba. Dada akavuta sahani yangu, akaanza kunichambulia, minofu akiipanga pembeni mwa ugali.

"Hao askari wako wakishapoa, uwaambie mie siyo yaya."

"Nitawaambia."

Chini ya meza nilijaribu kukunja ngumi. Ikafika nusu, ikasimama.

"Vipi?" akauliza. Kumbe alikuwa ananiona.

"Bado."

Akaniwekea kibua mwingine.