Siku Niliyoilazimisha Simu Ikae 4G

Nina aibu moja ambayo kule kwetu Mugango hata watoto wanaijua, na nikipita sokoni nasikia watu wanashusha sauti, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kuliko mkaisikie ile ya kuongezewa chumvi (ingawa hii ya kweli nayo chumvi yake inatosha).

Mnajua kazi yangu ni cherehani, pale Kabasa, Bunda, nashona sare za kwaya, na siku hizi mteja haji na kitambaa tu, anakutumia na video ya kwaya fulani anataka mshono uleule, sasa simu yangu ilikuwa inanitesa, mara iandike 4G, mara irudi 3G, mara ishuke kwenye ule mtandao wa zamani kabisa ambao picha moja inafunguka mpaka chai inapoa. Asubuhi hiyo nilikuwa nasafiri kwenda Mugango kumwona Baba, presha ilikuwa imemlaza (mke wangu Rhoda alishatangulia kumuuguza), na jana yake nilimpigia Mama nikamwambia napanda gari la kwanza. Nikapita kwanza kwa rafiki yangu Elisha, anauzaga chaja na kava za simu, nikamlalamikia. Akaingia kwenye setingi, akachagua 4G peke yake.

"Hiyo sasa hairudigi nyuma," akaniambia.

Na kweli, video zikawa zinafunguka kabla sijaondoa kidole. Nikakaa kwenye benchi lake napakua mishono tu, gari la kwanza likaondoka nikiliona kabisa, nikasema si kitu, nitapanda lingine.

Nikapanda lingine, jua limeshakuwa kali. Hatujatoka hata mjini, ujumbe ukaingia kwenye grupu la ukoo kutoka kwa binamu yetu wa Nyakato, kule Musoma: "Poleni sana familia. Mungu awatie nguvu." Jina hakuna. Chini yake wengine wakaanza kumwaga poleni na vile vikatuni vinavyolia. Nikampigia Rhoda, simu ikahangaika kidogo ikakata. Nikampigia Mama, ikakata. Masatu, mdogo wangu, ikakata. Nikasema basi, ni Baba, na laini zote zimezidiwa na watu wa msiba. Nikaandika kwenye grupu "Ni Baba?" nikafuta (nani anaulizaga hivyo mbele ya ukoo mzima? Ningeiacha ile sentensi, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia). Nilipotaka kuandika kwa adabu zaidi tulishatoka mjini, mtandao ukapotea wote.

Mama mmoja tuliyekaa naye siti moja akaniona navyohema, akanipa kitochi chake, kile kisimu cha vitufe, nacho kilikuwa kimejaa mtandao mpaka juu. Nikapiga namba ya Rhoda. Akapokea mwanamke mwingine, na nyuma yake nikasikia kilio, kile cha wanawake wengi kwa pamoja, hicho hukikosei.

"Rhoda hawezi kuongea, huku tuna msiba," akasema, akakata. Nikarudia, hakuna aliyepokea.

"Pole, baba," yule mama akaniambia. "Ni nani?"

"Baba yangu," nikajibu, na nilipolisikia likitoka kwenye mdomo wangu mwenyewe nikainamisha kichwa magotini.

Kabla ya Kiabakari gari lilipunguza mwendo, barabarani kuna vioo na askari, abiria wote wanachungulia wanasema kuna gari limepinduka asubuhi. Mimi kichwa kiko magotini, sikuinua. Nilikuwa naogopa kufika na naogopa kuchelewa, vyote viwili kwa wakati mmoja. Pale Kiabakari nikachukua bodaboda, na njia nzima namwona Baba amefunikwa shuka.

Tulipokata kona ya nyumbani nikaona turubai, mabenchi, wanaume wamejiinamia. Nikaruka bodaboda haijasimama. Mimi, fundi anayeheshimika, mwimba besi, nikajitupa chini pale kwenye tope la bombani nikagaagaa nikilia, "Baba, umeniacha, ningekuja jana, Baba, ningekuja jana."

Pakawa kimya. Nikajua wamenihurumia. Halafu nikasikia shangazi Nyanjura anataja damu ya Yesu, benchi likaanguka, na nilipofungua macho watu walikuwa wanarudi nyuma nyuma, mchungaji mwenyewe amewatangulia, wengine wameshaipita minyaa ya ua.

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguka, akatokea Baba. Amejishika ukutani, amekonda, shuka nyeupe mabegani.

"Magesa?" akaita, sauti haina nguvu.

Jamani, niliwahi kuogopa mamba, niliwahi kukutwa na dhoruba ziwani, lakini hofu ile ni nyingine. Nilikimbia. Nilimkimbia baba yangu mzazi, naye akaona marehemu anakimbia akaanza kupiga kelele, nikapiga mafiga teke, sufuria la maharage ya waombolezaji likamwagika, nikaivaa minyaa, suruali ikabaki nusu kule nusu huku. Walionishika ni Rhoda na Mama. Rhoda alinishika shati, Mama akanigusa uso, akanigusa mikono, akainama akanigusa na nyayo, moja moja.

"Simu yako ilikuwa wapi?" akauliza.

"Ilikuwa mkononi, Mama."

Lile gari lililopinduka ndilo la kwanza, nililosema napanda. Habari zilipofika Mugango wakanipigia, sipatikani. Wakapiga tena na tena, sipatikani. Na ikasemekana kuna mwanaume amefariki hana kitambulisho, rika langu. Elisha alikuja kunieleza baadaye, hajui aweke wapi macho, kwamba simu yangu kwa 4G ilikuwa inaweza intaneti tu, maongezi yake yalikuwa yanapita kwenye ile mitandao ya zamani, na ile tulikuwa tumeifungia nje. Sehemu zisizo na 4G ndiyo kabisa, ikawa haioni chochote.

Watu walicheka siku ile, walicheka mpaka jioni, Baba naye alicheka akashika kifua tukaogopa upya. Masatu hakucheka. Yeye alikuwa ametumwa Musoma hospitali kunitambua, akafunuliwa shuka, akamwona mtu asiyemjua, akasimama pale (alinieleza mara moja tu, hajarudia) anamshukuru Mungu mbele ya maiti ya mtoto wa watu, halafu akaona aibu, akabaki amekaa na ile maiti mpaka ndugu wa marehemu walipopatikana.

Mimi nimeapa siigusi tena setingi ya mtandao. Ipande, ishuke, irudi mpaka kwenye ule wa konokono, mteja wa mshono atasubiri. Na kila nikisafiri, Mama ananipigiaga. Haulizi nimefika wapi. Nikisema tu "Mama," anavuta pumzi, anakata.